Kuuza Nyumba ya Wazee

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia majumba yetu yawe makao ya kutulia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, leo tumekusudia kusema nanyi juu ya jambo ambalo huwafikia wengi wetu, nalo ni kuuzwa kwa nyumba ya wazee baada ya mwenyewe kufariki. Si jambo geni. Hapa kwetu pwani, Lamu na Malindi na Mombasa, twaona majumba ya mawe yakitoka mikononi mwa wenyewe mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi nyumba ikisha uzwa hubaki nyuma yake ndugu wawili wasiosalimiana. Lakini mfano tutakaoutoa hautoki pwani. Watoka Garissa, na tumeuchagua kwa sababu tuliuona kwa macho yetu, na kwa sababu aibu yako waiona vyema zaidi ukiitazama kwa jirani.

Mwenye kutoka kwetu hufuata njia ya mto Tana, Garsen na Hola, hata afike Madogo. Hapo huvuka daraja, na ng'ambo ndiyo Garissa. Tuliitwa huko na jamaa wa mzee mmoja aliyefariki, ambaye mwanawe tulisoma naye chuoni tukiwa vijana. Majina yao hatuyataji, wala mtaa wao. Mzee aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mwana mkubwa yuko Garissa pamoja na mama yake. Wa pili yuko Marekani, katika mji wa Minneapolis, ambako Wasomali wengi wamehamia. Binti mmoja ameolewa papo hapo Garissa, mwingine ana duka la nguo Eastleigh, Nairobi, na wa tatu yuko Mombasa. Mali yenyewe ni nyumba ya matofali yenye vyumba vinne, imeezekwa mabati, ina mwarobaini mmoja uani, na basi.

Mwana mkubwa alikuwa amekwisha pata mnunuzi. Deni la duka lilimkaba shingoni, mtoto wake alipata nafasi katika chuo kikuu na karo haikuwako, naye alitaraji kununua gari la mizigo la kwenda nalo Dadaab na Wajir. Hatukumwona kuwa mtu mbaya. Tulimwona mtu asiyepata usingizi. Dalali alimpigia simu asubuhi na jioni kumwambia kuwa mnunuzi ataondoka, kwamba viwanja vimepanda bei tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013 na leo ndiyo siku yake, na kadhalika katika yale wasemayo madalali. Na ndugu zake nao, kila mmoja alikuwa amekwisha zitumia fedha hizo moyoni mwake kabla hazijafika.

Mama mwenye nyumba alikaa upande wa mlango bila kusema neno. Tulipomwuliza, alituambia: "Sheikh, mimi siizuii sharia. Lakini watoto hawa hawajui nyumba hii ni kitu gani."

Akatusimulia kwamba aliolewa kwenye kibanda cha miti na makuti, na kwamba mwezi wa Novemba mwaka 1980, mtaa wa Bulla Kartasi ulipotiwa moto na askari na watu wakakusanywa katika uwanja wa skuli siku kadha wa kadha bila chakula, kibanda kile kiliteketea pamoja na vyote vilivyokuwamo. Alikuwa na mtoto mgongoni. Tangu hapo mumewe aliapa kwamba watoto wake watalala ndani ya matofali. Alinunua matofali kidogo kidogo, mwaka huu ishirini, mwaka ule hamsini, kwa fedha za kuuza mbuzi. Kwa hiyo msomaji asishangae akisikia bibi kizee analia kwa ajili ya kuta. Sisi wa pwani twajigamba kwa milango ya nakshi ya mababu zetu, na tusidhani kwamba nyumba ya matofali ya Garissa ni nyepesi moyoni mwa mwenyewe kuliko hiyo.

Suala la kwanza tuliloulizwa lilikuwa hili: je, kuuza nyumba ya wazazi ni kuwavunjia heshima? Tulijibu kuwa sivyo. Nyumba si kaburi, na kaburi lenyewe haliabudiwi. Mtume wetu (S.A.W.) alipoingia Makka pamoja na Waislamu, Usama bin Zaid alimwuliza atafikia wapi, naye akauliza kwani Akil amewaachia nyumba yoyote. Wanavyuoni wameeleza kuwa Akil, mwana wa Abu Talib, alikuwa ameyauza majumba ya ukoo wakati wenzake wako Madina. Basi Mtume (S.A.W.) katika mji aliozaliwa alipigiwa hema. Hakumfukuza mtu katika nyumba iliyouzwa. Yeyote aliyekwenda kwao akaikuta nyumba yao ina mwenyewe mwingine, na ajue ametanguliwa na aliye bora kuliko yeye.

Ila iko nyumba isiyouzwa, nayo ni ya wakfu. Sayyidna Umar (R.A.) alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaibar, sharti lilikuwa isiuzwe, isipewe mtu, wala isirithiwe. Kwa hiyo kabla ya kumwita dalali, ulizeni wazee na tazameni karatasi. Sisi tumewahi kuona nyumba ya wakfu ikigawanywa kama mirathi, na waliogawana walikuwa watu wa safu ya kwanza msikitini.

Pia imepokewa katika kitabu cha Ibn Majah hadithi yenye maana ya kuwa mwenye kuuza nyumba kisha asiitie thamani yake katika mfano wa hiyo, hatabarikiwa katika fedha hizo. Wataalamu wamesema mengi juu ya njia za mapokezi yake, wengine wakaidhoofisha, nasi hatuifanyi kuwa katazo. Lakini ni nasaha, na mwenye macho anaiona kweli yake. Nyumba ni mali inayokaa. Fedha ni mali inayokimbia. Tumewaona wangapi waliouza nyumba Ramadhani, na Mfunguo Tatu wakawa wapangaji wasio na kodi ya mwezi? Basi mwenye kupata fungu lake, ikiwa hana dharura, na atafute kiwanja, japo kidogo, japo mbali na mjini.

Sasa twaja kwenye jambo tuliloitiwa khasa. Yule mwana mkubwa alitutolea barua ya kiwanja, nayo ilikuwa na jina lake. Tulipouliza imekuwaje, tulielezwa kuwa baraza la zamani lilipokuwa likitoa barua, mzee hakujua kusoma, akamtuma mwanawe aende akapange mlolongo, na karani akaandika jina la aliyesimama mbele yake. Mambo haya si ya ukoo huu peke yake. Nyumba nyingi za Garissa zasimama juu ya barua za namna hiyo, hata leo hazijapata hati kamili.

Tulimwambia: "Ndugu yangu, nyumba hii ni yako?"

Akasema: "Karatasi ni yangu, Sheikh."

Tukamwambia: "Tumekuuliza nyumba."

Akanyamaza, kisha akasema, "Ni ya baba." Mwenyezi Mungu amjazi kheri kwa neno hilo, maana wako ambao hawalisemi mpaka wakaingia kaburini. Mwenye kuandikwa jina na hali mali si yake, karatasi ile kwake ni amana. Serikali haiujui moyo wake. Mola wake anaujua.

Ikiwa nyumba ni ya baba, basi tangu saa aliyokata roho imekuwa ya warithi wote, kila mmoja kwa kiasi chake, na hapana mmoja anayeweza kuuza fungu la mwenziwe bila idhini yake. Kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni ya marehemu, kisha wasia wake usiozidi thuluthi, na kinachobaki ndicho kigawiwacho. Yule ndugu wa Minneapolis alikuwa amepeleka fedha kwa hawala za kubadilisha mabati, naye alidai zirudishwe kabla ya kugawa. Tulimwuliza kwa simu: ulimkopesha baba, au ulimpa? Alifikiri kitambo, akasema alimpa. Basi alichompa baba yake kimekuwa cha baba yake, na leo ni mirathi. Lau angalimkopesha na ana ushahidi, deni lake lingalitangulia mafungu yote.

Tuchukue hesabu, kwa kuwa hesabu haina aibu. Tuseme baada ya madeni na gharama zimebaki Shs. 4,800,000. Mke ana thumni, kwa kuwa marehemu ana watoto, nayo ni Shs. 600,000. Zimebaki 4,200,000 za watoto, na mwana wa kiume ana mafungu mawili ya binti. Wana wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni mafungu matatu, jumla saba. Kila binti Shs. 600,000, na kila mwana Shs. 1,200,000. Hesabu hii yatoka katika Suratun Nisaa, aya ya 11 na ya 12. Aliyeigawa si kadhi wala mzee wa ukoo. Ni Mwenyezi Mungu mwenyewe, tena aya mbili zinazofuata zimewabashiria Pepo wanaoishika mipaka hii na zimewaonya kwa Moto wanaoivuka.

Tulipomaliza kusoma mafungu, mzee mmoja katika ukoo alisema kwa upole, "Sheikh, sisi kwetu dada hawadai." Na kweli, dada aliyekuwapo, yule aliyeolewa Garissa, akajibu nyuma ya pazia, "Tumesamehe." Wanaume wakasema alhamdulillahi, na wakataka fat'ha isomwe.

Hatukuisoma.

Ndugu zetu, fahamuni desturi hii yatoka wapi. Katika ada za wafugaji wengi wa kaskazini, ngamia hawakutoka katika ukoo, na binti akiolewa huenda ukoo mwingine; kwa hiyo hakupewa ngamia wa baba yake. Hatusemi kuwa ada hiyo ilikuwa halali, kwa kuwa aya ya 7 ya sura ile ile imethibitisha fungu la wanawake katika mali chache na nyingi. Lakini angalau twaelewa ilivyozaliwa. Sasa ngamia wamekwisha, ukame umewamaliza, watu wamekaa mjini, na ile ada ya ngamia imeingizwa ndani ya nyumba ya matofali! Nyumba haiendi malishoni. Nyumba haiporwi na ukoo mwingine. Ikisha uzwa, ni fedha zinazohesabika mezani mpaka senti ya mwisho. Udhuru uko wapi?

Wala watu wa pwani wasicheke. Lamu kulikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, desturi njema. Lakini wangapi walitamka kwa mdomo tu, wasikabidhi wala kushuhudisha, na leo wajukuu wako mahakamani? Na hapa Mombasa wako ndugu wanaompa dada yao chumba kimoja cha kukaa na kusema tumekwisha mpa haki yake. Chumba cha kukaa ni hisani. Haki ni fungu.

Siku ya pili tuliomba kusema na mabinti, mmoja mmoja, wale wa mbali kwa simu. Yule wa Mombasa alitwambia neno ambalo hatujalisahau. Alisema: "Sheikh, nikidai fungu langu, siku nikiachwa nitarudi nyumbani kwa nani?"

Tazameni, enyi wenye dada. Huyu hakusamehe. Huyu amenunua ulinzi wa ndugu yake kwa mali aliyopewa na Mola wake, na ulinzi huo ulikuwa wajibu wa ndugu yake tangu hapo, bila ya bei. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mali ya Mwislamu haihalaliki ila kwa ridhaa ya nafsi yake. Na katika mahari, aya ya 4 ya sura hiyo imewaruhusu wanaume kula kile tu ambacho wanawake wamewaachia kwa moyo mkunjufu, baada ya kuamrishwa kuwapa. Basi kupa kumetangulia kusamehe. Atasameheje kitu ambacho hajakishika mkononi, wala kuambiwa ni shilingi ngapi, mbele ya wanaume kumi wanaomngoja atamke neno moja tu?

Kwa hiyo shauri letu, nalo ndilo tunalomshauri kila mwenye kusoma karatasi hii, ni kwamba dada apewe fungu lake mkononi, ahesabiwe, au liingizwe katika akiba yake ya benki kwa jina lake, akae nalo siku zake. Akitaka kurudisha hapo baadaye kwa kumhurumia ndugu yake, huo ni wema wake na ana thawabu. Asipotaka, asiulizwe.

Mwana mkubwa alikasirika. Alisema, "Na karo ya mwanangu?" Hatukuwa na jawabu la kumfurahisha. Tulimwambia kuwa hesabu yake ilikuwa imejengwa juu ya mafungu ya dada zake, na karo ya halali ikipungua ni bora kuliko karo iliyotimia kwa dhulma. Aliondoka, akarudi baada ya sala ya isha.

Juu ya mama tutasema machache. Mwenye kufiwa na mume hatolewi katika nyumba ya eda yake mpaka itimie miezi minne na siku kumi, hivyo ndivyo Mtume (S.A.W.) alivyomwamrisha Furaia binti Malik. Huyu wetu eda yake ilikuwa imekwisha zamani. Lakini kwisha kwa eda si kwisha kwa haki. Thumni yake ni mali yake, haiitwi mchango wake kwa watoto, na ikiwa hana pa kukaa, makao yake ni juu ya wanawe. Nasi tuliwauliza jambo ambalo hawakuwa wamelijadili hata kidogo: siku mnunuzi atakapoishika funguo, mama atalala wapi usiku huo? Kama katika warithi wamo watoto wadogo, jambo ni zito zaidi, kwa kuwa msimamizi haimjuzii kuuza nyumba ya yatima ila kwa haja au kwa faida iliyo wazi, na aya ya 10 inatosha kumtetemesha.

Tena kuna haki ya mnunuzi. Garissa yajua mafuriko ya Tana. Mwaka 2023 na mwaka 2024 maji yaliingia majumbani na njia ya Madogo ikakatika. Mwenye nyumba iliyofikiwa na maji, akapaka chokaa ukutani wakati wa kiangazi na kumleta mnunuzi, huyo ameghushi. Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uwongo, baraka hufutwa. Na yule dalali anayeleta mtu wa uwongo apandishe bei na hali hataki kununua, hiyo ni najash, nayo imekatazwa wazi. Msimwambie kuwa ni ujanja wa soko.

Na kabla ya kumwuzia mtu wa mbali, ulizaneni ninyi kwa ninyi. Katika madhehebu yetu ya Shafii, mshirika ana haki ya shufaa: mwenziwe akimwuzia mgeni fungu lake ambalo halijagawanywa, yeye anaweza kulichukua kwa bei ile ile. Jirani hana haki hiyo kwetu, lakini ana heshima. Abu Rafi alikuwa na vyumba viwili ndani ya kiwanja cha Saad bin Abi Wakkas. Alikuwa amepewa bei ya dinari mia tano na mtu mwingine, akamwuzia Saad kwa dirhamu elfu nne, tena kwa mafungu, kwa ajili ya ujirani tu. Leo nani atafanya hivyo?

Mwisho tuliwapeleka kwa kadhi wa Garissa, wakaandikiwa warithi na mafungu yao. Twasisitiza jambo hili kwa kuwa wengi wadhani sharia yatosha kusomwa barazani. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, ilirekebishwa mwaka 1990 ili mirathi ya Waislamu ifuate sharia yao, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imewapa makadhi uwezo wa kuhukumu mirathi pale pande zote zikiwa ni Waislamu na zimekubali. Mlango umefunguliwa. Asiyeuingia, akaridhika na karatasi yenye jina la mtu mmoja, asije akalalamika.

Nyumba iliuzwa, lakini si kwa mnunuzi yule wa kwanza. Yeye aliposikia kuwa warithi watano wengine wanatakiwa kutia sahihi aliondoka kweli, na dalali akatulaumu sisi. Walikaa miezi minne bila mnunuzi. Miezi hiyo ilikuwa migumu, na mwana mkubwa alitupigia simu mara nyingi, si kwa maneno mazuri siku zote. Kisha akapatikana mwalimu mmoja wa skuli, akanunua kwa bei iliyo chini kidogo. Mama alinunuliwa vyumba viwili karibu na bintiye, kwa thumni yake na kwa nyongeza ya wanawe wawili. Binti wa Garissa alikaa na fedha zake wiki tatu, kisha akampelekea kaka yake sehemu ya karo, kwa hiari yake, na mumewe akishuhudia. Wa Eastleigh aliongeza mtaji wa duka. Wa Mombasa hakurudisha kitu, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwuliza. Idi iliyofuata alisafiri na watoto wake mpaka Garissa, akafikia kwa kaka yake.

Ndugu wa Minneapolis ametuandikia akiuliza kama mwenye kuwa mbali hupotewa na haki yake ya shufaa khabari inapomfikia kwa kuchelewa. Suala lake tutalijibu katika toleo lijalo, inshallah.